Uwezo na Uwezekano: Kauli za Kitenzi cha Kiswahili na Suala la Usababishi katika Mekanika ya Kwanta



1.0 Utangulizi

Mwaka 1902 Ernest Rutherford na Frederick Soddy, wakiwa katika Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, walichapisha makala ambayo anwani yake ilitaja mambo mawili: sababu ya unururifu na asili yake. Kuhusu asili walifaulu pakubwa. Walionyesha kwamba atomu ya elementi moja hubadilika ikawa atomu ya elementi nyingine huku ikitoa mnururisho. Kuhusu sababu, lilibaki swali ambalo halijaisha hadi leo. Kwa nini atomu hii ya radiamu imevunjika sasa, ilhali jirani yake, isiyotofautiana nayo kwa jambo lolote linalojulikana, imebaki nzima?

Mhadhara huu unalileta swali hilo katika uwanja wa taaluma za Kiswahili. Haufanyi hivyo kwa kutafuta mapambo. Mtu yeyote anayetaka kuifundisha, kuitafsiri au kuijadili fizikia ya karne ya 20 kwa Kiswahili hulazimika kuchagua kitenzi, na kila kitenzi cha Kiswahili huja na kauli yake. Je, aandike kwamba atomu imevunjwa au imevunjika? Je, aseme kwamba chembe mbili zilizo mbalimbali zinaathiriana, au kwamba zinawiana? Anayechagua kauli bila kufikiri huwa amekwisha kutoa hukumu ya kifalsafa bila kujua kwamba ameitoa. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba Kiswahili kina nyenzo za kutosha, tena kali, za kulitenganisha suala hili katika sehemu zake, lakini nyenzo hizo hazituruhusu kuamua kwa niaba ya fizikia.

2.0 Sababu, dalili na uwezo

Neno sababu limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, ambako maana yake ya kale ni kamba, yaani kitu ambacho mtu hukishika ili akifikie kingine. Mjadala wa karne nyingi umekuwa juu ya kamba hiyo: je, ipo kati ya vitu vyenyewe, au ni akili ya binadamu inayovifunga?

Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitumia mfano wa pamba na moto. Macho huona pamba ikiungua wakati moto unapoigusa. Hayaoni kwamba inaungua kwa nguvu ya moto wenyewe. Kwake yeye, mtendaji ni Mungu, na mfuatano tunaouona ni ada aliyoiweka. Ibn Rushd, aliyefariki mwaka 1198, alijibu kwamba anayeviondolea vitu vitendo vyao huviondolea pia asili zao, kwa kuwa kitu hutambulikana kwa kile kinachoweza kukifanya. Karne kadhaa baadaye, mwaka 1739, David Hume alitoa hoja iliyofanana na ya kwanza bila kumweka Mungu ndani yake: tunachokiona ni matukio yanayofuatana, na ulazima tunaoudhani ni mazoea ya akili. Methali isemayo kwamba dalili ya mvua ni mawingu ingemfaa Hume, maana inataja dalili na kuiacha sababu bila kuigusa.

Wanaotetea uwezo wa vitu wanaona kwamba jambo fulani limesahauliwa hapo. Chumvi iliyo kavu ndani ya kopo inaweza kuyeyuka majini. Njiti ya kiberiti iliyo mfukoni inaweza kuwaka. Uwezo huo ni wa chumvi na wa njiti hata kama chumvi haitatiwa majini na njiti haitapigwa. Ukimwelezea mtu chumvi bila kutaja inachoweza kufanya, hujamweleza chumvi ni nini.

Dhana hii imepingwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni dhihaka. Katika tamthilia yake ya mwaka 1673 kuhusu mgonjwa wa kujidhania, Molière alimweka mtahiniwa wa udaktari anayeeleza kwamba afyuni inalaza watu kwa sababu ina uwezo wa kulaza. Maelezo hayo yanarudia swali kwa maneno mengine. Ya pili ni hoja ya Bertrand Russell, katika hotuba aliyoitoa mwaka 1912, kwamba sayansi iliyokomaa haina haja ya dhana ya sababu. Milinganyo yake inatosha. Pamoja na hayo, dhana ya uwezo ilirudi kwa nguvu mwishoni mwa karne ya 20, hasa katika kitabu cha Nancy Cartwright cha mwaka 1989 na kile cha George Molnar kilichochapishwa mwaka 2003, baada ya kifo chake. Jiwe la kuipimia dhana hiyo ni mekanika ya kwanta, kwa sababu hapo ndipo vitu vinapofanya mambo bila kusukumwa na lolote linaloonekana.

3.0 Kauli ya kutendeka na atomu isiyozeeka

Katika sarufi yake ya mwaka 1944, E. O. Ashton alibainisha matumizi mawili ya kauli ya kutendeka: kuonyesha hali bila kumtaja mtenda, na kuonyesha kwamba jambo linawezekana. Mifano ifuatayo inatosha:

(1) Kikombe kimevunjika.
(2) Vikombe vya udongo huvunjika.
(3) Barabara hii haipitiki wakati wa masika.

Sentensi ya (1) inataja hali iliyokwisha kufikiwa. Sentensi ya (2) inaweza kuwa kweli hata kama vikombe vyote vya nyumba ni vizima. Inataja tabia ya vikombe, si tukio. Sentensi ya (3) inasema juu ya barabara kwamba haina sifa fulani, na inabaki kuwa kweli hata kama siku hiyo hakuna aliyejaribu kupita. Kwa hiyo mofimu moja, -ik- au -ek-, inabeba uwezo na vilevile kudhihirika kwa uwezo. Kinachotenganisha maana hizo mbili, kwa kiasi kikubwa, ni kiambishi cha njeo au hali: -me- huelekeza kwenye kilichotokea, hu- huelekeza kwenye kinachoelekea kutokea.

Sifa ya pili ya kauli hii ni kwamba haimpokei mtenda. Tunasema kikombe kimevunjwa na mtoto. Hatusemi kikombe kimevunjika na mtoto. Lakini tunasema, bila shida, kimevunjika kwa joto. Kauli ya kutendeka basi inamwondoa mtenda, haiondoi sababu. Tofauti hii ni muhimu. Mtoto akimwambia mama yake kwamba kikombe kimevunjika chenyewe, sarufi yake ni sahihi, na mama ana haki ya kutoridhika, kwa sababu anajua kwamba vikombe havivunjiki bila kuanguka, kugongwa au kupata joto la ghafla.

Sasa tuirudie radiamu. Nusu ya atomu za radiamu-226 huwa zimevunjika baada ya miaka ipatayo 1600. Baada ya miaka mingine 1600 hubaki robo, na baada ya hapo thumni. Mtungi unaotumika kwa miaka mingi hupata nyufa, na mzee wa miaka 80 hana matarajio ya kuishi sawa na ya kijana wa miaka 20. Atomu haiko hivyo. Ile iliyodumu miaka 1600 haijachakaa hata kidogo. Uwezekano wake wa kudumu miaka 1600 mingine ni nusu, sawasawa na ulivyokuwa mwanzo. Kuipasha moto au kuishinikiza katika maabara hakuiharakishi.

Mwaka 1928 George Gamow, na wakati uleule Ronald Gurney na Edward Condon, walieleza jinsi chembe ya alfa inavyoweza kupenya kizuizi ambacho kwa fizikia ya kale isingeweza kukivuka. Nadharia yao inaeleza kwa nini elementi moja hudumu kwa sekunde chache na nyingine kwa mamilioni ya miaka. Haielezi kwa nini atomu hii imevunjika leo.

Hapa kauli mbili zinapaswa kutenganishwa kwa uangalifu. Otto Hahn na Fritz Strassmann walipoipiga urani kwa nyutroni mwaka 1938 na kupata elementi nyepesi, ilifaa kusema kwamba atomu za urani zilivunjwa. Palikuwa na chombo, palikuwa na pigo. Radiamu iliyoachwa mezani peke yake huvunjika. Anayeandika kwamba huvunjwa amemleta mtenda ambaye fizikia haimjui.

4.0 Kutoka uwezo hadi uwezekano

Jambo linalofuata limo ndani ya msamiati wenyewe. Kitenzi weza kinatoa nomino uwezo. Kikinyambuliwa kwa -ekan- kinatoa wezekana, na kutoka hapo tunapata uwezekano, kama vile tunavyopata onekana kutoka ona, patikana kutoka pata, na julikana kutoka jua. Katika maumbo haya -an- haina maana ya kutendana. Inaandamana na -ik- au -ek- tu. Matokeo yake ni kwamba neno tunalolitumia katika hesabu za bahati limezaliwa na neno linalotaja nguvu iliyo katika kitu.

Undugu huo wa maneno unalingana na swali lililoulizwa na wanafizikia. Mwaka 1926 Max Born alipendekeza kwamba hali ya kwanta ya chembe haitupi mahali ilipo, bali inatupa, kwa njia ya kipeo cha pili, uwezekano wa kuipata hapa au pale. Uwezekano huo ni wa aina gani? Sarafu iliyorushwa na kufunikwa kwa kiganja imekwisha kulala upande mmoja. Tukisema nusu kwa nusu tunataja kutojua kwetu. Je, elektroni nayo iko hivyo?

Werner Heisenberg, katika kitabu chake cha mwaka 1958, alijibu kwamba siyo. Kwake, hali ya kwanta inafanana na dhana ya Aristotle ya kitu kilicho katika uwezo, kinachosimama kati ya wazo la tukio na tukio lenyewe. Karl Popper, katika maandishi ya mwaka 1957 na 1959, alidai kwamba uwezekano ni mwelekeo halisi uliomo ulimwenguni. Lakini aliongeza sharti ambalo mara nyingi husahauliwa: mwelekeo huo si wa chembe peke yake, bali ni wa mpangilio mzima wa jaribio. Badilisha kifaa, na uwezekano unabadilika, ingawa chembe ni ileile.

Jaribio la kuupa uwezo sura kamili ya kifizikia lilifanywa mwaka 1986 na GianCarlo Ghirardi, Alberto Rimini na Tullio Weber. Katika nadharia yao, kila chembe ina uelekeo wa kujikusanya mahali pamoja kwa ghafla, bila kusababishwa na kipimo wala mwangalizi, kwa wastani wa mara moja katika sekunde 10 kwa kipeo cha 16, yaani zaidi ya miaka milioni 300. Kwa chembe moja tukio hilo ni adimu mno. Kwa meza yenye chembe zisizohesabika hutokea kila wakati, na ndiyo maana meza haionekani mahali pawili. Mauro Dorato na Michael Esfeld walieleza mwaka 2010 kwamba nadharia hii inasomeka vizuri zaidi kama nadharia ya uwezo. Majaribio bado hayajaithibitisha. Hata hivyo, inaonyesha kwamba dhihaka ya Molière hailengi kila uwezo. Uwezo unaotajiwa kiasi, kasi na masharti yake, na ambao unaweza kupatikana na kosa maabarani, haurudii swali. Unajiweka hatarini.

Inaonyesha pia tofauti moja na uwezo wa kila siku. Njiti ya kiberiti husubiri kupigwa. Uwezo wa atomu ya radiamu, au wa chembe katika nadharia hiyo, hausubiri chochote. Ni uwezo usio na kichocheo, na wanaoutetea wanapaswa kukubali kwamba wanaitumia dhana ya zamani kwa namna mpya.

5.0 Kauli ya kutendana na mfungamano

Kufikia hapa mtu angeweza kuhitimisha kwamba kila chembe imebeba uwezo wake kama msafiri alivyobeba mzigo wake. Ugunduzi mkubwa wa karne ya 20 unazuia hitimisho hilo.

Mwaka 1935 Albert Einstein, Boris Podolsky na Nathan Rosen walichunguza chembe mbili zilizokutana kisha zikatengana, ambapo kipimo cha moja kinatuwezesha kujua kipimo cha nyingine kitakuwaje. Walihitimisha kwamba mekanika ya kwanta haijakamilika. Mawazo yao yanaeleweka kwa mfano wa mapacha. Tunasema mapacha wanafanana. Umbo ni la kutendana, na halisemwi juu ya mtu mmoja peke yake. Lakini msingi wa ukweli wake ni nyuso mbili, kila mmoja na wake, tangu kuzaliwa. Ukimwona mmoja Zanzibar unajua sura ya mwenzake aliyeko Lubumbashi, na hakuna ajabu. Vivyo hivyo, kwa maoni yao, kila chembe lazima iwe imebeba majibu yake tayari.

John Bell alithibitisha mwaka 1964 kwamba jambo hilo linaweza kupimwa. Chukua jozi za fotoni zilizotayarishwa kwa namna ambayo, zikikutana na vichujio vilivyoinamishwa kwa pembe ileile, ama zote mbili hupita au zote mbili hukwama. Weka pembe tatu: nyuzi 0, 60 na 120. Kama kila fotoni imebeba orodha ya majibu matatu, na kila jibu ni kupita au kukwama, basi angalau majibu mawili kati ya matatu yatalingana, kwa kuwa maswali ni matatu na majibu ni ya aina mbili tu. Kwa hiyo pembe mbili tofauti zikichaguliwa kwa bahati, na uchaguzi huo usifungamane na orodha zenyewe, fotoni zitakubaliana angalau mara moja katika kila mara tatu. Mekanika ya kwanta inatabiri kwamba zitakubaliana mara moja katika kila mara nne. Robo ni ndogo kuliko theluthi, na hakuna orodha inayoweza kuipunguza theluthi hiyo.

Majaribio ya aina hii yalianza na Stuart Freedman na John Clauser mwaka 1972, yakaendelezwa na Alain Aspect mwaka 1982, na mwaka 2015 makundi ya Delft, Vienna na Boulder yakaziba mianya mikuu kwa pamoja. Jibu limekuwa lile la mekanika ya kwanta. Aspect, Clauser na Anton Zeilinger walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 2022.

Kwa lugha ya sarufi, hapa tuna kauli ya kutendana isiyovunjika katika sentensi mbili za kutenda. Fotoni hizo zinawiana bila kila moja kuwa na uso wake. Kama kuna uwezo, basi ni uwezo wa jozi, si jumla ya uwezo wa mmoja na uwezo wa mwingine. Sharti la Popper linarudi hapa kwa uzito mkubwa zaidi.

Inafaa pia kuonya juu ya kitenzi athiriana. Kuathiriana ni kila upande kuufanyia mwingine jambo. Lakini mtu aliye upande mmoja hawezi kwa njia hii kumpelekea wa upande wa pili ujumbe wowote. Hesabu za upande wa pili pekee hazibadiliki, afanye atakalo. Huenda pakawa na athari iliyofichika, huenda isiwepo. Anayeandika zinaathiriana ameamua tayari. Anayeandika zimefungamana, au zinawiana, ameliacha swali likiwa wazi.

6.0 Mipaka ya ushahidi wa sarufi

Kuna kishawishi cha kusema kwamba, kwa kuwa Kiswahili kina kauli ya kutendeka, basi Waswahili wamekuwa na metafizikia ya uwezo tangu zamani. Kishawishi hicho kina historia. Mwaka 1945 Placide Tempels, mmisionari Mbelgiji aliyefanya kazi Katanga, alidai kwamba kwa Wabantu wote kuwepo na kuwa na nguvu ni jambo moja. Alexis Kagame, katika kazi yake ya mwaka 1956, aliirudisha hoja kwenye lugha mahususi, Kinyarwanda, na kuchambua ngeli zake. Hiyo ilikuwa hatua mbele katika umakini. Hata hivyo, kutoka katika mofimu hadi katika imani ya watu pana umbali ambao sarufi peke yake haiwezi kuuvuka. Msemaji wa Kiswahili anaposema jua limechwa hajaingia katika ubishi juu ya mzunguko wa dunia.

Zaidi ya hayo, fizikia yenyewe haijafunga mjadala. David Bohm alionyesha mwaka 1952 kwamba inawezekana kueleza matokeo yaleyale kwa chembe zenye mahali maalumu wakati wote; katika nadharia hiyo uwezekano unarudi kuwa kutojua kwetu, ingawa chembe za mbali hubaki zimeunganishwa. Hugh Everett, mwaka 1957, aliondoa uchaguzi wa tokeo moja: kila linalowezekana hutokea, katika tawi lake. Hapo tofauti kati ya huvunjika na imevunjika inahitaji maelezo mapya kabisa. Anayetetea uwezo hawezi kudai kwamba hesabu zimemlazimisha. Anaweza kudai tu kwamba mtazamo wake unazifanya hesabu hizo zieleweke bila kuficha gharama.

7.0 Hitimisho

Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Kazi ya aina hiyo huhesabiwa kwa nomino: ni istilahi ngapi zimepatikana. Mjadala huu unaonyesha kwamba kazi iliyobaki iko zaidi katika vitenzi.

Mapendekezo ni manne. Neno uwezo litumike kwa sifa ya kitu au ya mfumo, na uwezekano kwa kiasi kinachohesabiwa, na yasibadilishane. Mvunjiko wa atomu usiosababishwa na pigo uandikwe kwa kauli ya kutendeka, na kauli ya kutendwa ihifadhiwe pale ambapo chombo cha kuvunja kinajulikana. Chembe zilizofungamana zisielezwe kwa kitenzi athiriana isipokuwa mwandishi amekusudia kutetea athari hiyo. Na mwanafunzi afundishwe kwamba kutomtaja mtenda si sawa na kukana sababu.

Pendekezo hilo la mwisho ndilo zito zaidi. Kwa muda mrefu imedaiwa kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba maswali ya juu ya sayansi, na kwamba mwanafunzi anayeyataka lazima aiache lugha yake mlangoni. Swali la kwa nini atomu hii imevunjika leo ni miongoni mwa maswali magumu kuliko yote yaliyoulizwa katika fizikia. Limeulizwa hapa kwa kiambishi ambacho kila mzungumzaji wa Kiswahili anakitumia kabla hajaanza shule. Ugumu uliobaki ni wa swali lenyewe, na kila lugha inaukuta mahali palepale.